Nusu ya Kidonge

Hata ugonjwa alinitangulia kuupata. Ndivyo nilivyowaza siku pacha wangu aliponipigia simu kutoka Mbeya kunieleza kwamba uvimbe wa titi lake ni saratani. Nilikuwa uani nageuza kokoa kwenye mkeka. Nililia, tena nililia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini chini ya kilio kile palikuwa na kisauti kingine kikisema: haya, sasa dunia nzima itahamia kwake Ipinda kumtazama yeye.

Anayesoma hapa ataniona mtu mbaya. Asome tu. Mimi na yeye tulitoka tumbo moja usiku mmoja, sura moja, sauti moja, mpaka leo akina mama wauza samaki hutudai salamu tusizojua nani alizipokea. Na kwetu Kyela mapacha si jambo la kuchezea. Bibi alitusimulia kwamba zamani wazazi waliozaa mapacha walitengwa kwanza, wakafanyiwa dawa, ndipo wakarudi kukaa na watu. Sisi tulibatizwa, hayo ya dawa yakaachwa, ila sheria moja mama hakuiacha: anachopewa mmoja na mwenzake apewe, tena sawasawa, la sivyo mmoja atanyauka. Akishonewa gauni yeye, nimeshonewa na mimi. Akipata homa yeye, dawa chungu tulikunywa wote wawili. Samaki alikatwa katikati huku mama ameinama, jicho moja kalifumba, anapima.

Sheria hiyo ilikuwa na mkia, na huo mkia ndio ulionichoma maisha yangu yote. Mimi ndiye niliyetangulia kutoka, kwa hiyo mimi ni mkubwa, na mkubwa huchagua mwisho. "Mkubwa huvumilia," mama alikuwa akisema. Sasa niambieni, ni lini kisu kilikata sawa? Siku zote kuna upande wenye mafuta. Mwenzangu alinyoosha mkono kwanza, mimi nikaokota kilichobaki. Nimeokota kilichobaki kwa miaka hamsini na kitu.

Aliolewa na mfanyabiashara wa mchele wa Ipinda, nyumba ina bati la rangi na geti. Mimi niliolewa Ikolo na mkulima mzuri, Mungu amrehemu, aliyeniachia migomba na kokoa, na mama yangu mzazi naishi naye, namtunza. Mtoto wa kiume wa mwenzangu alisoma mpaka akaajiriwa Ulaya. Watoto wangu wako hapahapa, wananisaidia kuvuna, lakini sijawahi kuona mtu akipigiwa makofi kanisani kwa sababu mwanawe anajua kupasua kokoa.

Basi alipofanyiwa upasuaji, daktari alimwambia pacha wake naye apimwe haraka. Alinipigia simu siku hiyohiyo. Nikamjibu sina kitu. Nilikuwa nacho. Nilikigusa nikioga, upande wa kushoto, kigumu, ukubwa wa punje ya kokoa. Nilikificha zaidi ya miezi miwili. Wengine huficha kwa woga, na woga nilikuwa nao. Lakini kilichonifunga mdomo hasa ni kwamba sikutaka watu waseme, mtazameni huyu, hata saratani ameiga.

Kisha ikaja ile karatasi. Mwanawe alikuwa ameomba kipande cha uvimbe wa mama yake, kilichohifadhiwa hospitalini ndani ya nta, kikapelekwa kwenye maabara ya nje. Huko kulikuwa na kipimo ambacho huku kwetu hakifanyiki. Majibu yaliporudi, mwenzangu aliandaa ibada ya shukrani nyumbani kwake. Walipika mbalaga sufuria kubwa, zile ndizi zetu za nyama ya ng'ombe, na wali ambao harufu yake uliipata ukiwa bado barabarani. Akasimama na kitenge kipya, titi moja halipo lakini amejaza pamba vizuri, akawaeleza watu.

"Wameziuliza jeni za uvimbe wangu, moja moja," alisema. "Ipi inafanya kazi kwa nguvu, ipi imelala. Wakazijumlisha, wakatoa alama. Yangu iko chini. Uvimbe wangu ni mvivu. Dripu zile za kunyonyoa nywele hazitanisaidia kitu, kwa hiyo sipewi. Nitameza kidonge kimoja kila siku kwa miaka, basi."

Watu wakashangilia. Mama, aliyekuwa amekaa mbele na fimbo yake, akamshukuru Mungu kwa lugha ya kwetu, "Ndaga, Tata, ndaga fijo," asante, Baba, asante sana. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na ndoo ya maji, mkono wangu umekwenda wenyewe kwapani. Nilimwonea wivu mpaka mate yakakauka. Wivu wa nyumba naujua, wivu wa mtoto naujua, lakini sikuwahi kufikiri siku moja nitamwonea mtu wivu wa saratani. Hata saratani yake ilikuwa na adabu. Mwanamke huyu, nikawaza, akichovya mkono kwenye moto atautoa na chapati.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mbeya peke yangu, bila kumwambia mtu. Mambo yakaenda haraka. Titi walilitoa lote, kama lake, hapo tukawa sawa. Lakini majibu yaliporudi, daktari, binti mdogo mwenye miwani, alinieleza mengi kuhusu aina ya uvimbe wangu, na mimi katika yote nilisikia neno moja tu. Dripu. Alinipa tarehe ya kuanza. Nikamwuliza kama hakuna kidonge. Akasema kwangu hapana. Nikaenda nyumbani nikiwa nimenuna kama mtoto aliyepewa mkia.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, ametulia kwenye kigoda chake jikoni.

"Mmoja dripu, mwingine kidonge?" akasema. "Mimi nilizaa nini, mbuzi na kuku? Damu yenu moja. Wazungu wameisoma kwa mwenzako, wamekwisha kuisoma kwako. Mwite."

Mwenzangu alikuja Jumapili baada ya ibada, na karatasi yake ndani ya bahasha, na nakala yake ameshanitolea, na dawa zake kwenye mkoba. Alipoingia hakukaa. Mama alimwambia aweke dawa juu ya kigoda. Kisha akaomba kisahani na wembe mpya.

Ningeweza kukataa. Nataka hili liandikwe wazi, kwa sababu watu wakisimulia habari hii humcheka mama yangu, mwanamke aliyepita themanini ambaye maisha yake yote alijua njia moja tu ya kuwaweka watoto wawili hai. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, nilijua kusoma tarehe ya kliniki. Lakini karatasi ile ilikuwa mkononi mwangu, ina joto la mkoba wake, na juu yake imeandikwa hatari ndogo. Nilikuwa nimeitaka tangu siku ya shukrani. Nilichukua na sikuuliza.

Mama alikata vidonge saba, vya wiki nzima, kimoja baada ya kingine, jicho moja kalifumba. Kidonge hakikatiki sawa, kinavunjika kinavyotaka. Kila alipokata alisogeza kisahani kwa mdogo kwanza, kama sheria ilivyo. Mwenzangu akachagua. Nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: alichukua kipande kidogo. Cha pili, kidogo. Cha tatu, kidogo. Nikadhani macho yamemwisha, au anajifanya mtakatifu mbele ya mama. Vyovyote iwavyo, vikubwa vilibaki kwangu, mara ya kwanza tangu tuzaliwe, nami nilivifunga kwenye pindo la kitenge nikiwa na furaha. Ndiyo, furaha. Ile Jumapili nililala vizuri kuliko siku yoyote tangu niguse uvimbe.

Tulifanya hivyo Jumapili saba. Muuguzi alipiga simu kuuliza kwa nini sikuja kuanza dripu, nikamwambia barabara mbaya. Alipopiga tena sikupokea. Nilikuwa na nguvu, nilipalilia, nilibeba mikungu ya ndizi mpaka sokoni. Wanawake wa pale sokoni Talatala waliponiuliza hali niliwaambia na mimi uvimbe wangu ni mvivu. Nililisema neno hilo kwa kujidai, kama mtu anayetaja shamba lake.

Siku ya kliniki ya mwenzangu ilipofika aliniomba nimsindikize Mbeya, na mimi nilikubali upesi, kwa kuwa nilitaka yule binti mwenye miwani anione nilivyonawiri. Tuliingia chumbani pamoja. Daktari aliponiona akaacha alichokuwa anaandika.

"Mama, tumekutafuta sana," alisema. "Ulitakiwa uanze dripu siku nyingi."

Nikafungua bahasha, nikaweka nakala mezani, nikaisawazisha kwa kiganja. "Ugonile, mwanangu," nikamsalimu. "Usihangaike. Sisi ni mapacha. Kipimo hiki ni chetu wote, na vidonge tunameza wote, nusu kwa nusu."

Mwenzangu alikuwa anatazama viatu vyake. Daktari alimgeukia yeye, si mimi.

"Mama, umekuwa unameza nusu ya dozi?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Nikajibu mimi, Jumapili saba. Yule binti alivua miwani, akajifuta uso. Nilitegemea atafoka. Angefoka ningepata pa kukasirikia. Badala yake alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza, magoti yake yakigusana na yetu.

"Nisikilizeni mama zangu," akasema. "Ni kweli mmezaliwa na jeni zinazofanana. Lakini karatasi hii haikusoma jeni mlizozaliwa nazo. Haimhusu mama huyu, wala pacha wake. Inauhusu uvimbe uliotoka kwenye titi lake, ule mmoja, basi. Ndani ya uvimbe jeni hufanya kazi kivyake, nyingine zinapiga kelele, nyingine zimenyamaza. Wa kwake unalishwa na homoni na unakua taratibu, na kidonge kinaunyima chakula. Wako, mama, haulishwi na homoni. Kidonge hiki, hata ukimeza kizima, hata ukimeza kumi, hakina cha kuunyima."

"Basi pelekeni na wangu huko nje ukasomwe," nikasema. "Mwanawe atasaidia. Sivyo?" Nikamtazama mwenzangu, akaitikia kwa kichwa.

"Kipimo hicho kilitengenezwa kwa uvimbe kama wake, pale daktari anapokuwa hajui kama dripu inahitajika au la. Kwako hatuna swali hilo. Tulijua tangu mwanzo. Uvimbe wako unakua haraka, na dawa yake ni dripu, na tumepoteza muda ambao tulikuwa tunauhitaji."

Kwa hiyo nilinyimwa hata kupimwa. Mwenzangu alipewa swali na jibu, mimi sikupewa hata swali. Najua ni upumbavu, mtu anaambiwa maisha yake yako hatarini naye anahesabu nani kapata karatasi. Nilihesabu. Uvimbe wake mvivu, wangu mchapakazi, umefanana na mwenye nao. Nikamwuliza daktari, "Nimechelewa?" Akasema, "Umechelewa. Sijui kama umechelewa sana. Tuanze wiki hii."

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi la nje tukisubiri vipimo vya damu. Pacha wangu alikuwa amenunua ndizi za kuchoma, hakuna aliyekula. Nilimgeukia kwa hasira zote nilizokosa kumtolea daktari.

"Wewe ulisoma kuliko mimi. Ulielezwa dawa zako. Kwa nini ulikubali wembe wa mama?"

Hakunitazama. "Uliniangalia," akasema.

"Nilikuangalia lini?"

"Siku ya shukrani. Ulikuwa umekaa karibu na ndoo. Niliposema sipewi dripu nikayaona macho yako. Nilikuwa sijajua kwamba unaumwa, nikadhani ni yaleyale yako ya siku zote. Baadaye nilipojua, niliyakumbuka yale macho, sikulala. Nikasema akitaka nusu nitampa. Akitaka yote nitampa."

"Ndiyo maana ulikuwa unachukua vidogo."

"Wewe ulikuwa unaumwa zaidi," akasema, akaanza kumenya ndizi ambayo ilikuwa imekwisha kumenywa.

Ningependa kuandika kwamba wivu uliniisha hapo kwenye benchi. Haukuisha. Nilianza dripu, dawa yenyewe nyekundu, kila wiki tatu, na kila ilipoingia mshipani nilimfikiria yeye amelala Ipinda na nywele zake. Zangu zilitoka kwenye mto kama manyoya ya kuku. Harufu ya kokoa inayochachuka, iliyonilelea watoto, ikawa inanitapisha. Kichwa changu kilipobaki upara, watu njiani walinipa pole ya msiba, wakiuliza amefariki nani, maana kwetu mwanamke hanyoi kichwa hivihivi. Mwanzoni nilieleza. Baadaye nilikuwa naitikia tu ndaga, napita.

Yeye alirudi kwenye kidonge kizima. Alikuja kila Jumapili, akafua nguo zangu, akanikanda miguu. Alilalamika joto la ghafla linalompanda usiku na viungo kumuuma, na mimi nilimwambia kama anataka tubadilishane aseme. Siku moja alikuja amesuka upya, mistari midogo inayorudi nyuma, nikamwambia hazimpendezi. Zilimpendeza. Aliporudi wiki iliyofuata alikuwa amezifumua na kufunga kilemba, nikazidi kukasirika, kwa sababu sasa alikuwa mwema tena na mimi mbaya tena.

Baada ya dripu ya nne nilipimwa, na daktari akasema kuna kitu kidogo kimeonekana kwenye ini, wanataka kukiangalia zaidi. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama kwa maneno machache.

Jumapili iliyofuata asubuhi alipita mama mmoja wa Kikisi, wale wafinyanzi wa ufukweni mwa ziwa, na vyungu vyake, na samaki wawili aina ya mbasa ndani ya beseni. Mama akanunua mmoja, mnene, anang'aa. Alimpika mwenyewe ndani ya chungu, kwa nyanya na ndimu, hakutaka mtu amsaidie. Samaki alipoiva alimweka kwenye sinia akaja nalo mpaka kwenye mkeka nilipokuwa nimejilaza. Alikuwa mzima. Kichwa, tumbo, mkia. Hakumkata.

"Kula," akasema. "Ni wako."

"Na mwenzangu? Si anakuja sasa hivi?"

"Atakula maharage."

Maneno hayo niliyasubiri maisha yangu yote. Nilikuwa nayaota nikiwa mtoto, nikiwa mke, nikiwa mjane: siku moja mama ataweka chakula kizima mbele yangu na huyu mwingine atakula maharage. Sasa yamekuja, na mwili ukanisisimka kuanzia kichwani kusikokuwa na nywele. Nilimtazama mama usoni. Yeye alitazama pembeni, kuelekea kokoa. Mwanamke huyu hakuwahi kuacha kugawa tangu siku aliyotuzaa, kwa sababu kugawa ndiko kulikotuweka wawili. Alikuwa ameacha. Ndipo nikajua alichokwisha kukiona mama, kabla ya ini langu kuangaliwa tena na mashine.

Pikipiki ilisimama nje, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiwasalimu watoto uani. Alikuwa yeye. Nilijiinua, nikavuta kisu kilichokuwa karibu na sinia. Mama akasema, "Gwe, acha," nikaendelea. Nikafumba jicho moja. Nilipima nilivyoweza, nikakata, na kama kawaida kisu kilikwenda upande, kukawa na pande kubwa lenye kichwa na tumbo, na dogo lenye mkia.

Mwenzangu aliingia na kilemba chake, akaona sinia, akamtazama mama, akanitazama mimi. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa. Sisi ni mapacha.

"Kaa," nikamwambia. "Wewe ni mdogo. Chagua."

Akanyoosha mkono kwenye mkia. Nikampiga kofi mkononi, la nguvu kweli, na kucha zangu zilizokuwa zimekuwa nyeusi kwa dripu.

"Acha ujanja wako," nikasema. "Umeniibia vikubwa miaka hamsini, leo ndiyo umepata aibu? Chukua kichwa. Chukua kama ulivyokuwa unachukua."

Alichukua kichwa. Alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia, na bado nilitamani kile kipande chake, kilikuwa na mafuta. Nikaokota mkia. Mama alikaa kwenye kigoda, fimbo magotini, akaanza kututazama mikono, mmoja baada ya mwingine, kama zamani.